Msimu Mmoja wa Kocha Verrill

Amos Verrill hakuwa mwongo kwa tabia. Kwa miaka tisa alifundisha Kilatini katika Chuo cha Ashbel, huko Iowa, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumfuma akisema neno asiloliamini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu kama ufito, mwenye miwani ya chuma na mabega yaliyoanza kuinama kabla ya wakati wake. Hakuoa. Aliishi na dada yake mkubwa, Lavinia, katika nyumba ya mbao karibu na kanisa, na watu wa mji waliwazoea hao wawili kama walivyoizoea kengele ya chuo: haikosi kulia, na hakuna anayeisikiliza.

Uongo wake ulikuwa mmoja tu, tena hata hakuusema. Aliuacha upite.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1905. Mkuu wa chuo, Mchungaji Asahel Crome, alikuja kunywa kahawa na kula mkate mtamu wa tufaha wa Lavinia, maana ulisifika mji mzima. Katika kuzungushazungusha macho sebuleni, akaiona picha ukutani: vijana ishirini wenye masweta mazito, timu ya mpira ya chuo kikubwa cha mashariki. Safu ya nyuma, wa tatu kutoka kushoto, alisimama Amos Verrill akiwa na miaka ishirini.

"Kumbe!" Mkuu akaweka kikombe chini. "Mwalimu Verrill, na wewe ulikuwa mchezaji? Wa timu hii hii?"

Amos alikuwa na mkate mdomoni. Ukweli ulikuwa mfupi. Misimu miwili alikaa benchi, amejifunika blanketi, na hakuingia uwanjani hata kwa dakika moja. Walimweka pichani kwa sababu nafasi ilikuwepo. Akameza mkate, na pamoja na mkate akameza na hayo.

"Ni zamani sana, Mkuu," akasema.

"Na bado umekaa kimya miaka tisa! Watu wengine bwana!"

Mgeni alipoondoka, Lavinia alimgeukia ndugu yake, birika bado liko mkononi.

"Amos, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilikalia benchi?"

"Hivyo hivyo."

"Yatapita, Lavinia. Kesho atakuwa amesahau."

Mkuu hakusahau. Ashbel ilikuwa inakauka. Wanafunzi walikuwa themanini na wanne, wakati Chuo cha Wexley, maili thelathini tu kwa reli, kilikuwa kinajenga bweni la pili. Kila mtu alijua kilichowavuta vijana Wexley: walikuwa na timu. Basi siku ya kwanza ya muhula, kanisani, mbele ya chuo kizima, Mkuu akatangaza kwamba Ashbel nayo itakuwa na timu, na kocha hatatafutwa mbali. Yupo hapa hapa, amecheza na majabali wa mashariki, akajificha nyuma ya vitabu.

Vijana wakapiga sakafu kwa viatu mpaka vumbi likatoka kwenye mbao. Miaka tisa Amos alikuwa akiwasomea mashairi ya Warumi, na hakuna aliyewahi kumpigia sakafu. Alijua anapaswa kusimama aseme kweli. Alisimama. Walipomwona amesimama wakazidi kupiga, na kelele ile ikamwingia kama kinywaji kikali kinavyomwingia mtu asiyezoea. Akainamisha kichwa, akakaa.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Amos Verrill ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani.

Walijitokeza vijana kumi na sita. Wengi walikuwa wana wa wakulima, mikono minene, shingo nyekundu kwa jua la mavuno. Nahodha wakamchagua Clell Whitsett, mwana wa mhunzi, kijana mfupi, mpana, mwenye mdomo usiolala. Mkubwa wao kwa umbo alikuwa Knute Sorlien, Mnorwe, mwenye miaka ishirini na moja. Alichelewa kuja chuoni kwa sababu baba yake alifariki na shamba likamhitaji. Alitaka kuwa mchungaji. Alikuwa mpole, mzito wa kusema, na darasani alikuwa akitamka maneno ya Kilatini taratibu, moja moja, kama anayekagua mayai.

Knute hakuweza kucheza bila ruhusa ya mama yake. Ilibidi kocha mwenyewe aende kumwomba.

Gunhild Sorlien aliishi maili kumi na mbili nje ya mji. Alimkaribisha Amos jikoni, akampa kahawa na chapati laini za viazi zilizopakwa siagi na sukari, akakaa mbele yake na kukunja mikono.

"Nasikia watu wanakufa kwenye mchezo huo," akasema. "Gazeti la kanisa limeandika."

"Wapo walioumia, Mama. Penye uangalizi hapana hatari kubwa."

"Wewe uliucheza?"

Amos akaangalia kahawa yake. "Nilikuwa na timu misimu miwili," akasema. Kila neno lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo.

Mama akamtazama. "Mimi sina mwingine," akasema. "Lakini kama kuna mtu anayeujua, na anamwangalia, basi mimi nitalala usingizi. Utamwangalia?"

"Nitamwangalia."

Akamjazia kahawa tena.

Amos aliagiza kitabu cha mafunzo kwa posta. Alikisoma kama alivyosoma Kilatini, akipigia mistari chini na kuandika pembeni. Mpira ule ulikuwa wa kubebwa mikononi, kusukumana kifua kwa kifua, watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kila upande ukijaribu kuufikisha nyuma ya mstari wa mwenzake. Kofia za ngozi zilikuwapo, lakini wengi walizidharau, wakafuga nywele ndefu badala yake. Amos akawa anasimama uwanjani na kitabu mfukoni, na vijana wakimuuliza jambo alinyamaza kwanza, akikumbuka ukurasa. Wao waliona ule ukimya ni hekima ya mtu aliyeona mengi.

"Mzee hapayuki," Clell aliwaambia wenzake. "Anapima. Hao ndio watu wa hatari."

Mchezo wa kwanza walifungwa thelathini na nne kwa sifuri. Wa pili, hamsini na moja kwa sifuri. Katika huo wa pili wenyeji walijipanga kando ya uwanja na kuwazomea tangu walipoteremka kwenye behewa.

"Ashbel! Rudini kwenu, ng'ombe hawajakamuliwa!"

"Tumeshakamua!" Clell akajibu. "Tumekuja kukamua na wa kwenu, maana naona wanatembea kwa miguu miwili!"

Kicheko kilikuwa kizuri, lakini hakikuongeza pointi. Walirudi na pua tatu zilizovunjika. Ndani ya behewa, Knute, ambaye jicho lake moja lilikuwa limefunga kabisa, alimsogelea kocha.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Amos hakujua. Uwanjani aliona rundo la watu tu, na vumbi. "Ulisimama juu mno," akasema, kwa sababu kitabu kilisema makosa mengi yanatokana na hilo.

"Nitainama," akasema Knute.

Mchezo wa tatu ulichezwa kwenye mvua ya Oktoba. Uwanja ulikuwa uji wa matope, hakuna aliyeweza kusogea wala kusukuma, na ukaisha sifuri kwa sifuri. Ashbel walishangilia kama waliotwaa nchi. Walimbeba Amos mabegani mpaka stesheni, miwani imejaa tope, kofia imepotea. Alipofika nyumbani alikuwa anatetemeka kwa baridi na hakuweza kuacha kutabasamu.

"Unaipenda," Lavinia akasema, akimpa taulo.

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani."

Alikusudia kusema kweli msimu ukiisha. Alijiahidi hivyo, tena kwa dhati. Mchezo wa nne walifungwa ishirini na nane kwa sifuri, bega la mtu likachomoka, wengine watatu wazazi wao wakawaita nyumbani. Walibaki kumi na wawili. Mkuu akamwita Amos ofisini.

"Mwalimu, sikulaumu. Umepewa udongo mkavu. Lakini Jumamosi ya tatu ya Novemba Wexley wanakuja hapa. Wazazi watakuwepo, magazeti yatakuwepo. Sisemi mshinde. Pointi tu. Chuo kizima hakijaona pointi moja."

Amos akarudi kwenye kitabu. Ukurasa wa mia na kumi na nane palikuwa na mbinu iliyoelezwa kwa michoro. Unamchukua mtu mmoja mwenye nguvu, unamshonea vishikio vya ngozi kwenye suruali, kiunoni. Safu mbili zikisukumana, wenzake wawili wanamshika vishikio na kumrusha, yeye na mpira wake, juu ya vichwa vya adui. Maelezo yalikuwa ya nusu ukurasa, na hayakueleza mtu huyo anatuaje.

Lavinia ndiye aliyeshona. Alikata ngozi kwenye lijamu kuukuu la farasi, akashona kwa sindano ya magunia, uso ameukunja.

"Hivi ni vishikio vya sanduku, Amos," akasema, akikata uzi kwa meno. "Mtu si sanduku."

"Vyuo vyote vinafanya."

"Hilo unalijua, au umelisoma?"

Amos akafungua tena ukurasa wa michoro.

Walifanya mazoezi kwa wiki mbili. Clell alishika kishikio cha kushoto, mwenzake cha kulia, na Knute akaruka kama gunia la ngano linalorushwa garini. Vijana walifurahi. Mara nyingi aliangukia bega na kubiringika, mara nyingine aliangukia kichwa, akainuka akijipangusa majani. Siku ya Jumatano, mazoezi yalipoisha, alibaki nyuma.

"Mwalimu, shingo inaniuma."

"Wapi?"

"Hapa, chini. Na vidole hivi viwili," akainua mkono wa kushoto, "vimekuwa kama vimelala. Tangu jana. Wewe ulipocheza, ilikutokea?"

Wengine walikuwa wameshaondoka kwenda kula. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na Knute alimsubiri, uso wake mpana umemwelekea kama alivyokuwa akimwelekea darasani, akiamini kwamba jibu lipo na mwalimu analo.

Amos angeweza kusema sijui. Neno moja tu.

"Ilitutokea sote," akasema. "Ni misuli. Mwombe Lavinia akupake tapentaini."

Knute akashusha pumzi, akacheka. "Nilianza kuogopa," akasema. "Asante, Mwalimu."

Jumamosi ya Wexley ilikucha kavu, yenye jua jeupe lisilo na joto. Walikuja watu mia sita. Gunhild Sorlien hakuja. Alisema hawezi kutazama, ataomba akiwa nyumbani. Wexley walikuja na wachezaji ishirini na watano na tarumbeta.

"Nyie ndio wale wa sifuri?" mmoja wao akamuuliza Clell walipojipanga.

"Ndio sisi. Tumekuwekea moja uionje."

Kipindi cha kwanza kilikwisha Wexley wakiwa na kumi na moja. Kipindi cha pili, mwanzoni, mwamuzi akaipa Ashbel mpira baada ya Wexley kuuangusha yadi tatu tu kutoka mstari wao. Clell akatazama pembeni. Amos akainua kofia yake, ishara waliyokubaliana.

Safu zikagongana. Clell na mwenzake wakashika vishikio, wakarusha, na Knute Sorlien akapita juu ya Wexley wote, mpira umekumbatiwa kama mtoto mchanga, akaangukia upande wa pili wa mstari. Pointi tano. Zilikuwa pointi za kwanza za Chuo cha Ashbel, na zikawa za mwisho pia, ila siku ile hakuna aliyejua hivyo. Mkuu Crome alitupa kofia yake na haikuonekana tena. Wanawake walilia. Bwana mmoja aliyekuwa ametoroka somo la Kilatini miaka minane iliyopita alimkumbatia Amos na kumbusu shavuni.

Amos alikuwa anamtazama Knute. Kijana aliinuka, akapigwa mgongoni na wenzake, akacheka. Lakini alipokuwa anarudi mahali pake aliufumba na kuufumbua mkono wa kushoto, akaufumba, akaufumbua, akiutazama kana kwamba si wake.

Baada ya dakika kadhaa mchezo ulisimama kidogo, mtu wa Wexley akifungwa kifundo cha mguu. Clell akaja mbio mpaka ukingoni, damu imemkauka kidevuni.

"Mwalimu, tupo karibu tena! Turudie?"

Mchezaji mmoja wa akiba alikuwa amekaa benchi, amejifunika blanketi, macho yamemtoka kwa hamu. Ilitosha kumwita. Amos alimtazama Knute kwa mbali. Knute akamwona, akatikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama anayesema niko tayari ukiwa tayari. Nyuma ya kocha watu mia sita walikuwa wanapiga miguu chini, na sauti ilikuwa ile ile ya siku ile kanisani.

"Rudieni," akasema Amos.

Wexley walikuwa wameshajifunza. Knute aliporushwa, wawili wao hawakusukuma; walisimama wakamngoja. Walimkuta hewani. Akapinduka, miguu juu, akashuka kwa kichwa, na safu zote mbili zikaanguka juu yake. Mwamuzi akapuliza filimbi, akaanza kuwavuta mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama, isipokuwa wa chini kabisa.

Macho yake yalikuwa wazi. "Mwalimu," akasema Knute, Amos alipopiga magoti, "mpira ninao?"

Alikuwa hana.

Walimbeba juu ya mlango wa banda la zana walioung'oa bawabani. Mchezo uliendelea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zile. Yule wa akiba akavua blanketi, akaingia, na Wexley wakashinda ishirini na tisa kwa tano.

Daktari alisema uti wa shingo umevunjika, na kumsafirisha kwa gari la farasi maili kumi na mbili ni kumuua. Wakamlaza nyumbani kwa akina Verrill, katika chumba cha chini cha Lavinia, na hapo alikaa wiki kumi na moja. Aliweza kusema, kumeza na kusogeza macho. Mengine yote yalikuwa yamelala pamoja na vile vidole viwili.

Gunhild alikuja siku ile ile ya kwanza. Amos alikuwa amejiandaa kwa lolote: laana, kofi, mate. Mama yule alimshika mikono yote miwili.

"Ulikuwepo," akasema. "Nashukuru. Nimewaza njia nzima: angalau palikuwa na mtu anayejua."

Jumatatu Amos alikwenda kwa Mkuu na kumwambia kila kitu, benchi, blanketi, kitabu, shingo. Hakubakiza. Mkuu alimsikiliza, kichwa kimeinama, kisha akainuka na kumwekea mkono begani.

"Mwalimu, una huzuni. Huzuni humfanya mtu ajisingizie. Nimeiona picha yako mwenyewe."

"Mkuu, sikuwahi kucheza!"

"Nenda ukapumzike. Na hayo usimwambie mtu mwingine. Ashbel imeumia vya kutosha."

Basi ukweli, alipouleta hatimaye, haukupata mahali pa kukaa.

Alikuwa akimsomea Knute kila siku baada ya vipindi. Knute alitaka kuendelea na masomo. Amos alimshikia kitabu mbele ya uso, na kijana akatafsiri, taratibu, neno kwa neno. Alitafsiri vizuri kuliko zamani. Hakuwa na kingine cha kufanya. Siku moja ya Januari, mchana, theluji ikianguka dirishani, alinyamaza katikati ya sentensi.

"Mwalimu, wewe uliogopa? Ulipokuwa unacheza?"

Amos akafunga kitabu. Akamwambia.

Knute hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo alitazama dari.

"Kwa hiyo hukujua," akasema.

"Sikujua."

"Ile ya shingo."

"Nilisema tu, Knute. Sikujua lolote."

"Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Toka nje kidogo."

Amos alitoka akasimama uani bila koti, theluji ikimwangukia kichwani, mpaka Lavinia akaja kumshika mkono kama mtoto. Aliporudi ndani uso wa Knute ulikuwa umelowa, na hakukuwa na mkono wa kumfuta ila wa Amos. Akamfuta. Knute alifumba macho mpaka kazi hiyo ikaisha.

"Usimwambie mama," akasema. "Kila akiomba husema asante kwamba palikuwa na mtu anayejua. Nimemsikia. Ukimwondolea hilo atabaki na nini? Niahidi."

"Naahidi."

"Na kuanzia kesho anisomee Miss Lavinia."

Lavinia hakujua Kilatini. Alimsomea hivyo hivyo, akikosea kila neno, na Knute akamsahihisha kwa upole. Amos aliwasikiliza kutoka ngazini. Mwezi wa pili homa ya mapafu ikaingia, na ikafanya haraka. Knute Sorlien alizikwa shambani kwao, kando ya baba yake, ardhi ikiwa ngumu kiasi kwamba walichimba kwa sururu na moto.

Kaburini Clell Whitsett alisimama mbali na wenzake. Mdomo ule usiolala ulikuwa umelala. Amos alipomsogelea, Clell akamwonyesha kiganja chake cha kulia.

"Kishikio cha kushoto nilikishika mimi," akasema. "Nilimwachia mapema, Mwalimu. Kidogo tu. Nimeliwaza mara elfu. Ningemshikilia kidogo zaidi angetua vizuri."

"Si wewe, Clell."

"Wewe unajua mchezo. Niambie basi kosa lilikuwa la nani."

Hatua kumi tu kutoka hapo Gunhild alikuwa amesimama na shali jeusi, akiwatazama. Amos akafungua mdomo. Akaona uso wa yule mama, akaona na ule wa Clell, na hakukuwa na njia ya kumfungua mmoja bila kumbomoa mwingine.

"Hakuna aliyekosea," akasema. "Ni ajali."

Clell akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Wiki ile ile aliacha chuo, akaenda kufanya kazi kwenye reli za magharibi, na Ashbel haikumwona tena.

Chuo kilipiga marufuku mpira. Wanafunzi wakapungua wakawa sitini, kisha arobaini, na mwaka 1911 milango ikafungwa. Amos akapata kazi ya kufundisha Kilatini katika shule ya sekondari ya mji. Kila Novemba Gunhild alimwita shambani. Alimwekea kahawa na chapati za viazi, akakaa mbele yake akiwa amekunja mikono.

"Nieleze tena," alikuwa akisema. "Alivyoruka."

Na Amos alimweleza. Mwanzoni alisema yaliyotokea. Miaka ilivyokwenda mama alianza kuuliza zaidi: aliruka juu kiasi gani, alisema nini alipoinuka, watu walimwitaje. Amos akaongeza. Knute akaruka juu zaidi, akacheka kwa sauti zaidi. Mama alifumba macho na kusikiliza, midomo yake ikisogea. Safari ya kurudi Amos alikuwa hawezi kusema na mtu, na Lavinia, alipokuwa hai, alijua asimsemeshe mpaka asubuhi.

Lavinia alifariki mwaka 1917. Gunhild alifuata majira ya baridi ya mwaka uliofuata, katika homa ile iliyobeba wengi. Ahadi ikaisha. Amos, mwenye miaka hamsini na moja sasa, nywele nyeupe, alikaa mezani siku nzima ya Jumapili na kuandika kurasa saba kwa Clell Whitsett. Aliandika yote. Aliandika kwamba mkono ulioshika kishikio cha kushoto haukuwa na kosa, kwamba shingo ilikuwa imeshaharibika tangu Jumatano, na kwamba yeye, kocha, aliambiwa hivyo kwa lugha iliyo wazi. Barua hiyo aliituma kwa kampuni moja ya reli huko Colorado.

Barua ilirudi mwezi wa nne. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli ya buluu: aliondoka hapa zamani. Amos akaandika kwa ofisi nyingine, Wyoming, kisha Utah. Ya Wyoming ilirudi. Ya Utah haikurudi, wala hakuna aliyeijibu, na kwa muda mrefu alikuwa akienda posta kila siku saa nne kuuliza.

"Hakuna kitu leo, Bwana Verrill," karani alisema.

"Basi," alijibu, na kurudi shuleni, maana kipindi chake kilianza saa nne na nusu.